Saini inakataliwa ingawa ufunguo ni sahihi: kutafuta kosa kati ya OpenSSL, Java na zana nyingine

Tuchukue duka la jumla la Kariakoo lenye mfumo ulioandikwa kwa Java, ambao husaini kidijitali kila ankara kabla ya kuituma. Ofisi ya wahasibu iliyoko Posta inaipokea ankara na kuihakiki kwa OpenSSL, zana ya kriptografia inayotumika kwa amri. Java inasema saini ni halali. OpenSSL inajibu `Verification failure`. Simu zinaanza kupigwa, na kila fundi anaapa kuwa upande wake uko sawa.

Katika visa vya namna hii ni nadra hesabu za kriptografia zenyewe kukosea. Kinachotofautiana ni baiti zilizosainiwa, au ufunguo, au namna saini ilivyofungashwa, au vigezo vya algorithimu. Fuata mpangilio huo huo unapotafuta. Kosa la baiti hutoa ujumbe uleule unaotolewa na kosa la vigezo, na watu huhangaika siku nzima na mipangilio ya RSA, algorithimu ya kusaini, wakati tatizo ni alama moja ya mstari mpya mwishoni mwa faili.

Ombi langu moja kabla ya kuanza: msizime uhakiki "kwa muda" ili ankara zipite. Tangu 2015 Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inayotambua saini za kielektroniki, na anayepokea hati zenu anaamini kwamba kuna mtu amezihakiki kweli. Acheni ankara zikae foleni. Foleni humalizwa jioni, lakini fedha iliyolipwa kwa ankara ya kughushi kuirudisha ni kazi nyingine kabisa.

Anzeni kwa kulinganisha heshi

Upande unaosaini utoe heshi ya SHA-256 (namba fupi inayokokotolewa kutoka kwenye data, na hubadilika hata baiti moja ikibadilika) ya baiti zenyewe, sekunde ile zinapoingia kwenye kitendo cha kusaini. Upande unaohakiki ufanye vivyo hivyo pale zinapoingia kwenye uhakiki. Msitumie faili lililopo kwenye diski, wala maandishi yaliyoonekana kwenye kioo. Kwa faili amri ni hii:

`openssl dgst -sha256 ankara.json`

Mkitumiana sampuli, zitumeni ndani ya zip. Maandishi yaliyobandikwa kwenye WhatsApp au barua pepe hufika yakiwa yamebadilika nafasi na miisho ya mistari, na hapo mtakuwa mnachunguza tatizo jipya mliloliumba wenyewe.

Heshi zikilingana, ruka sehemu inayofuata. Zisipolingana, hakuna haja ya kugusa ufunguo wala algorithimu.

Dalili: heshi hazilingani

Tazama tofauti ya ukubwa kwa `wc -c`. Tofauti ya baiti moja mwishoni karibu kila mara ni `0a`, mstari mpya ulioongezwa na `echo` au na kihariri. Tumia `printf '%s'` badala ya `echo`. Tofauti iliyo sawa na idadi ya mistari inaonyesha kwamba faili limepita Windows, au Git imebadilisha miisho ya mistari kutoka `0a` kuwa `0d 0a`. Baiti tatu zaidi mwanzoni, `ef bb bf`, ni alama ya UTF-8 ambayo baadhi ya programu za Windows huiweka bila kukuuliza. Haya yote huonekana kwa `xxd ankara.json | head`.

Ukubwa ukitofautiana bila mpangilio, mshuku mkuu ni JSON au XML iliyofunguliwa kisha ikaandikwa upya. Mpokeaji anasoma ujumbe, anaugeuza kuwa kitu cha programu, anautoa tena kama maandishi, kisha anahakiki maandishi hayo mapya. Kwa binadamu maana ni ileile. Kwa saini ni hati nyingine.

Jaribu na anwani ya mteja wa Chang'ombe. Ile alama katikati ya jina ni baiti moja, `27`. JavaScript ikiandika JSON itaiacha kama ilivyo. Gson ya Java, kwa mpangilio wake wa kawaida, itaiandika `\u0027`, na System.Text.Json ya .NET hali kadhalika. Mtu akiwa amenakili anwani kutoka Word, alama inaweza kuwa ile iliyopinda, ambayo kwa UTF-8 ni baiti tatu, `e2 80 99`. Ndiyo maana utasikia malalamiko ya ajabu kwamba ankara za Sinza na Mbagala zinapita lakini za Chang'ombe na Ng'ambo zinakataliwa. Ukisikia dalili inayofuata jina la mtaa au la mteja, nenda moja kwa moja kwenye alama hizi.

Lugha nyingine zina tabia zake pia. `json.dumps` ya Python huweka nafasi baada ya koma na nukta mbili, `json_encode` ya PHP huandika mkwaju kama `\/`, kiasi `15000.00` hurudi kikiwa `15000`. Katika XML, `<maelezo></maelezo>` hurudi ikiwa `<maelezo/>`. Dawa ni moja: hifadhi baiti za ujumbe kama zilivyofika, hakiki hizo, ndipo ufungue yaliyomo. Wapo wanaopendelea kukubaliana kanuni za kupanga upya JSON pande zote mbili. Inawezekana, lakini mimi singeuchagua mtindo huo pale ambapo naweza kusaini baiti ghafi, kwa sababu kila maktaba mpya inayoingia kwenye mnyororo inaleta tafsiri yake.

Kwenye Java angalia pia `getBytes()` isiyotaja usimbaji. Kabla ya Java 18 ilitumia usimbaji wa mashine husika, kwa hiyo programu ileile ilitoa baiti tofauti kwenye kompyuta ya Windows na kwenye seva ya Linux. Andika `getBytes(StandardCharsets.UTF_8)` kila mahali.

Na heshi ya upande mmoja ikianza na `e3b0c442`, basi umeheshi hewa: hiyo ni SHA-256 ya baiti sifuri. Kwa kawaida mkondo wa data ulikwisha kusomwa na sehemu nyingine ya programu, na ulipofika kwenye saini ulikuwa mtupu.

Dalili: heshi zinalingana, saini inakataliwa kila mara

Hakikisheni mnazungumzia ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo wa siri (unaosaini) atoe alama ya ufunguo wa umma (unaohakiki) unaotokana nao:

`openssl pkey -in siri.pem -pubout -outform DER | openssl dgst -sha256`

Mwenye ufunguo wa umma atoe yake:

`openssl pkey -pubin -in umma.pem -outform DER | openssl dgst -sha256`

Kwenye Java, SHA-256 ya `publicKey.getEncoded()` inatoa namba hiyohiyo. Zikitofautiana, uliza kama kuna aliyepewa cheti (faili linalounganisha ufunguo wa umma na jina la mwenyewe) cha majaribio badala ya cha kazi, au kama cheti kilihuishwa pamoja na ufunguo mpya bila upande wa pili kuambiwa.

Ufunguo ukikataa hata kusomwa, soma mstari wake wa kwanza. `BEGIN PUBLIC KEY` ndio unaotegemewa na `openssl dgst -verify`. `BEGIN RSA PUBLIC KEY` ni muundo wa zamani wa PKCS#1, na baadhi ya zana zinaukataa. `BEGIN CERTIFICATE` ni cheti kizima. Toa ufunguo ndani yake kwa `openssl x509 -in cheti.pem -noout -pubkey > umma.pem`.

Kisha pima saini yenyewe baada ya kuitoa kwenye Base64 (njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida). Saini ya RSA ya biti 2048 lazima iwe baiti 256 kamili, na Base64 yake ni herufi 344 zinazoishia na `==`. Ikiwa pungufu, kuna kilichopotea njiani. Alama `+` iliyopita kwenye fomu ya wavuti hugeuka nafasi tupu. Base64 ya anwani za wavuti hutumia `-` na `_` mahali pa `+` na `/`, na OpenSSL haiielewi mpaka uzibadilishe. Mstari mmoja mrefu unahitaji `openssl base64 -d -A`. Ukisahau hilo `-A`, unaweza kupata faili tupu bila ujumbe wowote wa kosa.

RSA: fungua saini uone kilichomo

Hapa ndipo RSA ina fadhila ambayo algorithimu nyingine hazina. Ukiwa na ufunguo wa umma unaweza kuifungua saini na kusoma alichokiandika msaini. Ningependa kila anayeunganisha mifumo aijue amri hii, maana inamaliza ubishi ambao barua pepe haziwezi kuumaliza:

`openssl pkeyutl -verifyrecover -pubin -inkey umma.pem -in saini.bin -pkeyopt rsa_padding_mode:none | xxd`

Ukiona `00 01`, mfululizo mrefu wa `ff`, kisha `00`, ufunguo ni sahihi na mtindo ni PKCS#1 v1.5. Baada ya hapo kuna utambulisho wa algorithimu ya heshi. `30 31 30 0d 06 09 60 86 48 01 65 03 04 02 01 05 00 04 20` ni SHA-256, na baiti 32 zinazofuata ndizo heshi aliyosaini. `30 21 30 09 06 05 2b 0e 03 02 1a 05 00 04 14` ni SHA-1, ikifuatwa na baiti 20. Hapo unaweza kukuta mwenzako aliyesema kwa maandishi kwamba anatumia SHA-256 bado ana `SHA1withRSA` kwenye programu.

Utambulisho ukiwa sahihi lakini heshi siyo ya faili lako, jaribu mambo mawili. La kwanza, huenda ameheshi mara mbili: alikokotoa SHA-256 mwenyewe, akaipeleka kwenye `SHA256withRSA`, ambayo nayo huheshi tena. Linganisha na:

`openssl dgst -sha256 -binary ankara.json | openssl dgst -sha256`

La pili, huenda alisaini heshi ikiwa imeandikwa kwa herufi za heksadesimali, yaani herufi 64 badala ya baiti 32:

`sha256sum ankara.json | cut -c1-64 | tr -d '\n' | sha256sum`

Mojawapo likilingana, umepata jibu bila kuona hata mstari mmoja wa programu yake.

Kama baada ya `ff` na `00` kuna heshi tupu bila utambulisho, msaini ametumia `NONEwithRSA` ya Java, au `openssl pkeyutl -sign` bila `-pkeyopt digest:sha256`. Saini ya namna hiyo haitakubaliwa na `openssl dgst -verify`, na inafaa arekebishe anayesaini.

Ukiona vurugu tupu zisizoanza na `00 01`, tazama baiti ya mwisho. Ikiwa `bc`, huenda ni RSA-PSS, mtindo mwingine wa RSA. Ikiwa kitu kingine, rudi kwenye ufunguo au Base64.

PSS ina mitego yake. Pande zote mbili lazima zikubaliane heshi kuu, heshi ya MGF1 (kitendo cha ndani cha PSS), na urefu wa baiti za nasibu ambazo kwenye amri zinaitwa `salt`. OpenSSL ya kabla ya toleo la 3.1, inaposaini bila maelekezo, huchukua urefu mkubwa unaowezekana; tangu 3.1 urefu huo hauzidi ule wa heshi. Java, kwa `PSSParameterSpec.DEFAULT`, inatumia SHA-1 na urefu wa 20. WebCrypto, kriptografia ya vivinjari, inakulazimisha uutaje mwenyewe, na wengi hutaja 32. Wekeni wazi pande zote: SHA-256, MGF1 kwa SHA-256, urefu 32. Kwa uhakiki:

`openssl dgst -sha256 -verify umma.pem -sigopt rsa_padding_mode:pss -sigopt rsa_pss_saltlen:32 -signature saini.bin ankara.json`

Dalili: ECDSA inakubali leo, inakataa kesho

Saini ya ECDSA, algorithimu nyingine ya kusaini, ni namba mbili, r na s. OpenSSL na Java huzifunga kwa DER, muundo wa kupanga data kwa baiti, ambayo huanza na baiti `30`, na kwa mkunjo wa P-256 kwa kawaida huwa na baiti 70, 71 au 72. WebCrypto, tokeni za JWT za ES256, na `SignData` ya .NET huziweka tu pamoja, baiti 32 na 32, jumla 64 daima. Kwa Base64, ile ya DER ya P-256 utaitambua hata kwa macho kwa kuwa huanza na `ME`. Java 9 na kuendelea ina `SHA256withECDSAinP1363Format` kwa ajili ya mtindo wa baiti 64. Node ina `dsaEncoding: 'ieee-p1363'`.

Mifumo inapochanganya mitindo hii, kila saini hukataliwa, na kosa hilo ni rahisi kuliona. Kosa gumu ni la fundi aliyeandika kigeuzi chake mwenyewe, kwa sababu hukataa baadhi tu. Hesabu kiwango cha kukataliwa. Kama takriban robo tatu ya saini zinakataliwa, kigeuzi cha kwenda DER hakiongezi baiti `00` mbele ya namba ambayo biti yake ya juu ni 1. Nusu ya r na nusu ya s huangukia hapo. Kama inakataliwa takriban saini moja katika kila 128, kigeuzi cha kutoka DER kinapoteza sifuri za mwanzo badala ya kujaza hadi baiti 32. Kosa hili la pili hupita majaribio yote ya ofisini, halafu likaonekana mwisho wa mwezi ankara zinapokuwa nyingi. Andika jaribio linalozungusha saini elfu kadhaa, au bora zaidi tumia kitendo cha maktaba na ufute kigeuzi.

Kuna dalili ya kinyume inayostahili hofu zaidi: Java inakubali, wengine wote wanakataa. Java 15 hadi 18 zilikuwa na kasoro iliyosajiliwa kama CVE-2022-21449, ambapo saini ya ECDSA yenye r na s zote sifuri ilikubaliwa kwa ujumbe wowote na ufunguo wowote. Ilirekebishwa Aprili 2022. Kwa hiyo zana mbili zikipingana, usidhani moja kwa moja kwamba inayokataa ndiyo mbovu. Angalia toleo la Java kwenye seva, na utazame kama saini yenyewe ni sifuri.

Ed25519, GPG na SSH: ufunguo mmoja, saini zisizoingiliana

Ed25519, algorithimu nyingine tena ya kusaini, husaini ujumbe mzima, siyo heshi uliyoiandaa wewe. Kwenye OpenSSL 3 uhakiki ni huu:

`openssl pkeyutl -verify -pubin -inkey umma.pem -rawin -in ankara.json -sigfile saini.bin`

Maktaba nyingi hutoa ufunguo wa umma wa baiti 32 tupu, ambao OpenSSL haiutambui. Uvishe kichwa chake:

`(echo 302a300506032b6570032100 | xxd -r -p; cat umma.raw) | openssl pkey -pubin -inform DER -out umma.pem`

Lakini ukijaribu kuchukua saini iliyotengenezwa na GPG, zana ya mtindo wa OpenPGP, na kuihakiki kwa amri hiyo, haitakubali kamwe, hata ufunguo ukiwa uleule. GPG huongeza maelezo yake, kama muda wa kusaini na aina ya saini, kabla ya kuheshi. `ssh-keygen -Y sign` husaini bahasha inayoanza na `SSHSIG`, yenye jina la matumizi na heshi ya faili. Hakuna mpangilio utakaobadilisha hilo: saini ya GPG ihakikiwe kwa zana ya OpenPGP, ya SSH kwa `ssh-keygen -Y verify`, tena kwa jina lilelile la matumizi.

Kwenye GPG soma ujumbe kwa makini. `BAD signature` maana yake faili limebadilika. `No public key` maana yake hujaingiza ufunguo. `Good signature` ikifuatwa na onyo kwamba ufunguo haujathibitishwa maana yake hesabu imekubali lakini hujathibitisha mwenye ufunguo ni nani. Mpigie kwa namba unayoijua tayari, akusomee alama ya ufunguo wake.

Dalili: hesabu inakubali, cheti kinakataliwa

Kwa saini za CMS (muundo wa saini unaoweza kubeba cheti ndani yake), `openssl cms -verify` bila `-binary` huchukulia kuwa yaliyomo ni maandishi na hubadilisha miisho ya mistari, kwa hiyo iweke unapohakiki faili la kawaida. Ujumbe `unsupported certificate purpose` hutokea kwa sababu amri hiyo hutarajia cheti cha barua pepe. Taja `-purpose any` baada ya kujiridhisha kwamba cheti ni cha mtu unayemtarajia.

Cheti au tokeni ikidaiwa kuwa haijaanza kutumika, tazama saa. Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima. Seva iliyowekewa saa ya hapa huku ikiamini ni UTC itatoa tokeni za saa tatu zijazo, na upande wa pili una haki ya kuzikataa.

Dalili: ilikuwa inafanya kazi mpaka seva ilipoboreshwa

Faili la `.pfx` (linalohifadhi ufunguo na cheti pamoja) la zamani likigoma kufunguka kwenye OpenSSL 3 kwa ujumbe unaotaja `RC2-40-CBC`, ongeza `-legacy` kwenye `openssl pkcs12`, toa ufunguo, kisha uufunge upya kwa usimbaji wa kisasa. Nenosiri halina kosa.

Ujumbe `invalid digest` kwenye RHEL 9 (Linux ya Red Hat) na jamaa zake mara nyingi ni SHA-1. Mfumo huo hauruhusu saini za SHA-1 kwa mpangilio wake wa kawaida, na una sababu: mwaka 2017 watafiti wa Google na wa CWI, taasisi ya utafiti ya Amsterdam, walionyesha faili mbili tofauti za PDF zenye heshi moja ya SHA-1. `update-crypto-policies --set DEFAULT:SHA1` itarudisha ruhusa, lakini kwa seva nzima. Mshirika wako akiwa bado hawezi kuhama, peleka uhakiki wa saini zake kwenye mashine au kontena yake peke yake, uweke ruhusa hiyo humo tu, na umwandikie tarehe ambayo utaanza kupokea SHA-256 pekee.